Propela ya Boti Iliyojazwa Maji kwa Makusudi

Nimestaafu, ingawa neno lenyewe linanichekesha. Fundi wa injini za boti hapewi barua wala hakatiwi keki. Magoti ndiyo yanayomjulisha. Mwezi uliopita yangu yalikataa kuinuka nikiwa nimechuchumaa majini nyuma ya boti ya abiria, vijana wawili wakanivuta hadi mchangani kama sangara. Kesho yake nikaacha ufunguo wa karakana ya Mkuyuni kwenye msumari wake nikaenda nyumbani.

Nyie mliobaki pale mmeniomba niwaandikie namna ya kuchagua propela. Ningeweza kumaliza kwa nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo ungewafaa kwa boti zote mnazozijua. Lakini mimi sikujifunza chochote cha maana kwenye boti ninazozijua. Kwa hiyo vumilieni, nitaanza mbali kidogo, halafu nitafika kwenye boti ya Koku.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, na nyumbani hawakukosa sare ya kuninunulia. Nilichoka tu kukaa. Kuna mtu alinipa nafasi ya kuchota maji kwenye mtumbwi wa kwenda Ukerewe, maana mtumbwi ulivuja na lazima mmoja awe na kopo muda wote, na nikaona hiyo ni kazi bora kuliko darasa kwa sababu mandhari ilibadilika. Nilishukia Nansio nikakaa. Baadaye nikaenda Musoma, nikaenda Bukoba, nikavuka hadi Kigoma nikaone ziwa lingine lina nini, nikarudi Mwanza. Mama yangu alisema nina miguu ya mbuzi. Kila mahali nilipofika palikuwa na boti, na kila boti ilikuwa na mtu anayelalamika kwamba haikimbii.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bwire, Mjita, fundi wa pale Nansio. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinimwagia mbele yangu propela kuukuu, rundo zima, akasema nizipange. Nikamuuliza nizipange kwa nini: kwa ukubwa, kwa rangi?

"Wewe panga. Nitaona unavyofikiri."

Nikazipanga kwa ukubwa, kama sufuria. Akaja, akazitazama, akacheka.

"Sasa umenionyesha zipi zinajaza ndoo. Nionyeshe zipi zina haraka."

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo nimelirudia kwa kila kijana aliyenipitia. Propela ni skrubu, na maji ndiyo ubao. Ukikaza skrubu mzunguko mmoja, inaingia kiasi fulani kwenye ubao. Propela nayo ikizunguka mara moja ingesonga mbele kiasi fulani, kama maji yasingeteleza. Kiasi hicho sisi tunakiita hatua. Ndiyo maana kila propela ina namba mbili zimegongwa kwenye kitovu chake. Ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, zote kwa inchi. Hatua fupi ni kama gia ya kwanza ya gari: inapanda mlima na mzigo, lakini haifiki mbali kwa haraka. Hatua ndefu ni gia ya juu: tamu barabara ikiwa tambarare, na inaua injini mlimani.

Namba zikifutika kwa kutu na mawe, Mzee Bwire alikuwa na ubao wenye msumari katikati. Alichomeka propela kwenye msumari, akapima kwa rula urefu wa ukingo wa mbele na wa nyuma wa panga moja kutoka kwenye ubao, akapiga hesabu kwa chaki. Ukingo wenyewe aliupapasa kwa kidole gumba. Alisema jicho linapenda kung'aa, kidole hakidanganyiki na rangi.

Ugonjwa wa ziwa letu mnaujua. Kila mwenye boti anataka namba kubwa, kwa sababu akikaa na wenzake jioni ndiyo atakayoitaja. Watu wananunua propela kama wanavyomnunulia mtoto viatu: kubwa kidogo, atakua. Boti haikui. Injini inasukuma kitu kizito kuliko nguvu zake, inakohoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi, na baada ya msimu mmoja mwenyewe anakuja kukuambia kampuni imemuuzia injini feki.

Jambo la pili, ambalo sikuambiwa na mtu bali nililiona mwenyewe baada ya kubahatisha sana: ziwa letu liko juu. Liko zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini inavuta hewa pungufu, kwa hiyo inatoa nguvu pungufu. Boti iliyokimbia vizuri Dar ikiletwa hapa inakuwa nzito, bila kosa la mtu yeyote. Punguza hatua inchi moja, mara nyingine mbili, itarudi kuwa ile ile. Niliwahi kuwaambia hivi mafundi fulani wa Dar kwa simu, wakadhani nawasimulia habari za Kilimanjaro.

Basi. Na hayo yote nikiwa nayo kichwani, na uzee juu yake, ndipo alipokuja Koku.

Alikuja karakanani asubuhi, msichana mrefu wa miaka kama ishirini na minane, suruali imelowa hadi mapajani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama. Karibu."

"Boti yangu hainyanyuki."

"Imebeba nini?"

"Maji."

"Inavuja wapi?"

"Haivuji. Nayaweka mwenyewe."

Niliweka spana chini. Maisha yangu yote, tangu lile kopo la mtumbwi wa Ukerewe, nimelipwa kutoa maji kwenye boti. Sikuwahi kukutana na mtu anayeyatia.

"Kiasi gani?"

"Karibu tani moja."

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Umekunywa chai?"

Jina lake kamili lilikuwa Kokushubira, Mhaya wa Muleba, na alikuwa mfanyakazi wa benki Dar. Huko Dar rafiki mmoja alimpeleka kwenye mchezo wa kuvutwa na boti: unasimama juu ya ubao, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyopigiliwa kwenye ubao wenyewe, unashika kamba, boti inakuvuta, na unaruka kutoka upande mmoja wa wimbi la boti hadi upande mwingine. Alijaribu mara moja, akawa hafai tena benki. Akauza kiwanja alichoachiwa na mama yake, akanunua boti ya mchezo huo iliyotumika, akaileta kwa lori hadi ufuko mmoja ng'ambo ya Butimba, akitaka kufundisha mchezo huo hapa. Baba yake, Mzee Rwegasira, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa la Kilutheri kijijini kwao, hakugomba. Alisema tu atakuja Jumamosi kwa meli ya Bukoba aione. Ikiwa boti inavuta mtu na watu wanaweza kulipia kuvutwa, sawa. Ikiwa haivuti, Koku ataiuza atakavyoweza na kurudi Dar, ambako benki walikuwa bado wanamshikia nafasi yake.

"Na anajua ina maji ndani?" nikauliza.

"Bado sijamwambia hilo."

Nikaenda kuiona siku hiyo hiyo. Niliacha injini ya mtu imefunguliwa mezani, naomba radhi kwake kama anasoma. Boti ilikuwa nzuri, pua pana, mlingoti wa bomba katikati wa kufungia kamba, injini ndani na mguu wa propela nje kwa nyuma. Chini ya viti vya nyuma na kwenye kifua cha mbele kulikuwa na mifuko mizito ya mpira, kama magodoro, na pampu ndogo ya kuvuta maji ya ziwa kuyajaza.

Koku akachora mchangani kwa kijiti. Boti nyepesi inapita juu ya maji na kuacha mkwaruzo. Boti iliyozama nyuma inayalima maji, na nyuma yake yanasimama mawimbi mawili mazuri yenye mteremko, moja kila upande. Huo mteremko ndio mchezaji anaoupandia. Uzito ukizidi upande mmoja, wimbi la upande huo linakuwa kubwa zaidi. Alijua mambo haya vizuri sana, na aliyaeleza bila kunifanya mtoto.

"Kwa hiyo," nikasema, "unataka boti mbaya."

"Eh?"

"Boti inayolima maji ni boti mbaya. Nimefukuzwa kazi Musoma kwa kutengeneza boti ya namna hiyo."

Akacheka. "Ndiyo, fundi. Nataka mbaya, lakini ikimbie."

Hapo ndipo utamu ulipo, vijana wangu, na ndiyo maana nimewasumbua na hadithi ndefu. Boti ya mizigo haina haja ya kukimbia. Inazama na inakwenda polepole na kila mtu ameridhika. Boti ya mbio haina mzigo. Hii ilitaka mzigo wa boti ya kwanza na itoke majini kama ya pili, tena ikiwa inamvuta mtu, tena ikae kwenye mwendo ule ule bila kupanda wala kushuka, maana mwendo ukiyumba mchezaji anaanguka. Sikuwa nimewahi kuombwa kitu kama hicho. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga.

Propela iliyokuwa nayo ilikuwa ya mapanga matatu, hatua ya inchi kumi na tisa, chaguo la watu wa pwani wasiotia maji. Tulipoijaribu, mizunguko ya injini ilifika elfu tatu na mia tatu kwa dakika ikagoma hapo, na injini ile ilitakiwa ifike elfu nne na mia nane. Pua ilielekea mawinguni. Nilikuwa nimeshika usukani na sikuona ziwa, niliona ndege.

Nikaleta yangu ya hatua kumi na saba: inchi mbili pungufu kwa ajili ya hewa yetu. Ili tusipoteze muda, Koku akajaza mifuko yote jioni, tukakubaliana tukutane mapema kabla upepo haujaamka.

Asubuhi ile boti iliruka. Nasema iliruka. Nilisukuma mkono wa mafuta, pua ikainuka kidogo ikalala, mizunguko ikapanda elfu nne na mia sita, na Koku kwenye kiti cha pembeni akapiga kelele kama ameona goli. Nilijiona fundi mkubwa kwa muda wa kama kuzunguka jiwe moja la ziwani. Kisha akavaa ubao, akaingia majini, nikamvuta. Alisimama mara ya kwanza. Alikwenda huku na huku, akaachia kamba, nikamrudia.

"Inanyanyuka vizuri," alisema, kichwa tu nje ya maji. "Lakini wimbi limeenda wapi?"

Nilitazama nyuma. Kulikuwa na vikunjo viwili vya maji, kama vya bata.

Sasa nisikilizeni, maana hapa nilitoa maelezo mazuri sana. Nikamwambia kwamba propela hii mpya inashika maji kwa nguvu na inainua mkia wa boti, kwa hiyo ule uzito wa nyuma umefutwa na msukumo. Nikatumia mikono yote miwili kuonyesha. Nikasema huenda tukahitaji mifuko zaidi. Koku aliyafikiria, akauliza maswali mazuri, nikayajibu, na majibu yangu yakafungana moja na jingine kama matofali. Tulirudi ufukoni tukiwa wawili wenye hekima.

Mlinzi wa boti pale ufukoni ni Masalu, Msukuma mwembamba, mtoto wa wavuvi. Alitusaidia kuvuta kamba, na alikuwa na sura ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Dada, ile boti mngeikosa," alisema. "Usiku nimeikuta imekaa chini, inataka kuzama. Nimehangaika nayo mpaka jogoo wa kwanza."

Koku akasimama. "Umehangaika nayo vipi, Masalu?"

"Si nimetoa maji! Mifuko yote. Mtu mbaya alikuwa ameyajaza huko chini ya viti, amefunika na mito kabisa ili msione."

Koku akakaa mchangani, akaficha uso kwenye magoti, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa sababu ya Jumamosi. Alikuwa anacheka. Baada ya kitambo akawa analia kidogo pia.

"Umeyatoa kwa nini?" nikamuuliza Masalu.

"Mzee! Maji yako kwenye boti, niyaache?"

Mtu yeyote aliyelelewa kwenye ziwa hili angefanya vile vile, na ningekuwa mimi ndiye mlinzi ningeyatoa hata kwa mdomo. Nilichojifunza ni hiki, na kiandikeni ukutani kama mnapenda: propela haijaribiwi kwa boti unayodhani unayo. Kabla ya kuwasha, gusa mzigo kwa mkono. Na kabla ya kutoa maelezo mazuri, muulize mlinzi.

Tukajaza upya, Masalu akitazama kwa uchungu. Tukajaribu tena na mzigo wa kweli. Ile propela yangu ya ajabu ikafika elfu tatu na mia saba, ikabaki pale inanguruma, na boti ikatembea imeinua pua kama mtu anayenusa mboga za jirani. Koku alivutwa tumbo likiwa majini mpaka akaachia.

Nikaweka ya hatua kumi na tano, mapanga matatu. Hii ilinivutia sana. Mizunguko ilipanda haraka, hata ikazidi nilivyotaka, lakini boti haikwenda. Ilitoa mlio mwepesi, kama gari lililokwama kwenye tope likisaga matairi. Mkia ulikuwa umezama, propela inajipinda na uzito wote ule, na mapanga matatu hayakutosha kushika; yalikuwa yanachana maji badala ya kuyasukuma. Skrubu nzuri, ubao umeoza. Kumbe hatua peke yake haitoshi. Unahitaji pia eneo la kushika, yaani panga la nne. Panga la nne linapunguza kasi ya juu kidogo, lakini kwa mwendo wa mchezo ule kasi ya juu haina kazi. Anayevutwa anahitaji mwendo wa baiskeli inayoshuka mlima, si zaidi.

Nani ana propela ya mapanga manne, hatua kumi na tano, Mwanza, siku ya Ijumaa? Nilipita maduka ya vipuri mpaka Mabatini. Pale nikaikuta, imetundikwa ukutani juu ya kichwa cha muuzaji, amechomeka bendera ndogo ya timu yake kwenye tundu la katikati.

"Nishushie hiyo."

"Hii? Hii ni pambo, mzee wangu. Ilikuja kwa makosa. Namba ndogo hiyo."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Mapanga manne, hatua kumi na tano! Utakimbia kama bata na watoto wake."

"Nina tani ya maji ndani ya boti."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa mzee, si uyatoe?"

Niliipapasa ukingo kwa kidole gumba njia nzima ya kurudi. Ilikuwa ya alumini, na mimi hapa ziwani napendelea alumini kuliko chuma cha pua. Mawe yetu mnayajua. Propela ya alumini ikigonga jiwe inavunjika yenyewe. Ya chuma inalipeleka pigo kwenye gia. Afadhali kupoteza kiatu kuliko mguu.

Jioni ile upepo ulikuwa umechafua maji, hatukuweza kujaribu kitu. Koku alikaa kwenye ukingo wa boti akichezea kamba.

"Kama kesho haitavuta, fundi, usiumie."

"Siumii. Nataka tu kujua."

"Mimi nitaumia," alisema. "Kule benki nilikuwa naona ziwa kwenye kalenda."

Jumamosi tulikutana mapema. Nilifunga ile propela nikiwa nimesimama majini, nikakaza nati, nikapinda pini yake. Tukaanza kujaza mifuko. Na hapo mfuko wa kushoto nyuma ukapasuka. Ulikuwa umesuguliwa na bolti tangu safari ya lori, ukafunguka kama embe. Maji yakamwagika miguuni. Bila mfuko ule boti ingelala kulia, wimbi la kushoto lisingekuwepo, na upande ule ndio Koku anaourukia. Tulikuwa bado tunaushika ule mpira uliopasuka tuliposikia sauti nyuma yetu.

"Hodi hapo."

Mzee Rwegasira alikuwa amesimama mchangani, koti la suti, kofia, fimbo ya kutembelea, mwili mkubwa wa mtu aliyekula ndizi vizuri maisha yake yote. Koku akaenda kumpokea, akapiga magoti kidogo mchangani akiwa na nguo ya kuogelea na jaketi la kuokolea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Mbona ina maji?"

Masalu alikuwa akimtazama mgeni kwa makini, kuanzia kofia hadi viatu, kama anavyotazamwa ng'ombe mnadani.

"Fundi," akanong'ona, lakini Masalu hajui kunong'ona. "Mzee huyu ana uzito mzuri."

"Masalu!" Koku alishtuka.

"Nani ana uzito?" akauliza Mzee Rwegasira.

Nikaona afadhali ukweli. Nikamweleza: uzito unawekwa ili kutengeneza wimbi, mfuko umepasuka, kona ya kushoto nyuma haina kitu. Alisikiliza ameegemea fimbo. Aliuliza kama mifuko mingine ni sawa kwa sawa. Aliuliza kuhusu kichocho, Koku akasema wanachezea katikati ya ziwa, mbali na majani. Kisha akavua viatu, akaingiza soksi ndani, akavipanga juu ya jiwe.

"Nimesafiri kuja kuitazama," alisema. "Ndani nitaona vizuri zaidi."

Tukamvalisha jaketi la kuokolea juu ya koti. Kofia alikataa kuivua. Akakaa kona ya kushoto nyuma, na boti, naapa, ilikaa sawa kama meza. Masalu akakaa akitazama nyuma, kazi yake ikiwa kupaza sauti mtu akianguka. Mimi usukani. Koku akateremka majini na ubao wake.

Nikasukuma mkono wa mafuta. Pua ikapanda, nikaona mawingu, nikasubiri. Elfu tatu. Elfu tatu na mia tano. Ule mlio mwepesi wa kusaga matope haukuja. Badala yake ulikuja mvumo mzito, na nikahisi kwenye nyayo zangu propela ikishika maji, ikashika kweli, kama mkono unaopata mpini. Elfu nne. Pua ikashuka taratibu na ziwa lote likatokea mbele yangu. Nikarudisha mafuta kidogo, mwendo ukatulia na haukuyumba.

"Amesimama!" Masalu akapiga kelele, ingawa kazi yake ilikuwa kutangaza kuanguka.

Niligeuka. Mawimbi mawili yalikuwa yamesimama nyuma yetu, laini, yenye mteremko, na Koku akaja kutoka mbali kulia, akapanda mteremko, akaruka. Alikuwa hewani, ubao na vyote, kisha akatua ng'ambo ya pili. Baba yake alikuwa ameshika kofia kwa mkono mmoja na ukingo wa boti kwa mwingine.

Aliruka tena. Mara ya tatu.

"Fundi," Mzee Rwegasira aliniita. "Hili wimbi la upande wangu ni kubwa kuliko lile."

"Umezidi kidogo, mzee."

"Nikisogea litapungua?"

"Litapungua."

Akasogea kiti kimoja kuelekea katikati, akageuka kutazama. Wimbi la kushoto likapungua, la kulia likainuka. Akarudi. Likainuka. Akasogea tena, safari hii haraka zaidi, akainama kuona linaanzia wapi hasa.

"Mzee, tulia!" Masalu akamlilia. "Utamwangusha mtoto!"

Alikwisha kumwangusha. Koku alikuwa ameruka akilitegemea wimbi ambalo baba yake alikuwa amelihamisha. Nikapunguza mafuta, nikazunguka, tukamfikia akiwa anaelea, anakohoa, nywele usoni.

"Nani anahamahama humo?"

"Ni mimi," alisema Mzee Rwegasira.

Koku akafuta uso. Alitazama boti, akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, na nikaona kwamba hakuweza kusubiri hadi ufukoni.

"Baba. Dar je?"

Mzee alikuwa ameinama juu ya ukingo, akitazama maji pale mguu wa propela unapoingilia, kofia imekaa upande.

"Benki nitawapigia simu mimi," alisema. "Shika kamba. Hapa bado sijaelewa vizuri."

Nikasukuma mkono wa mafuta mbele.